Ayoni Zilizozimika Zikarudi

Dokta Ndewario alizikwa siku ya Alhamisi nyumbani kwake, juu ya Tengeru, pembeni ya shamba lake la kahawa, na katika umati wote uliokuja kumzika nadhani ni watu wawili tu waliojua vizuri kazi yake ilikuwa nini. Mmoja nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa dada Rukia, ambaye tulikuwa hatujaonana kwa miaka sita. Tulikutanishwa na beseni la ndizi, maana wafiwa walipokuwa sebuleni na wachungaji, sisi tulivutwa nyuma ya nyumba kusaidia kumenya. Mama mmoja jirani, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda kati yetu, akasema marehemu alikuwa mtu mwema, ila mchoyo wa dawa. "Miaka yote hiyo tunaishi na daktari hapa, hata panadoli hakuwahi kunipa." Rukia aliinamisha kichwa kwenye beseni, mabega yakawa yanatikisika kwa kicheko. Nikamwambia yule mama kwamba hakuwa daktari wa wagonjwa, alikuwa msomi wa fizikia. Alichunguza vitu vidogo kuliko vumbi, namna vinavyokutana na kugeuka kuwa vitu vingine. Akafikiri kidogo, kisu kimesimama kwenye ganda. "Na mkishajua vinavyokutana, mnafanya nini?" Nikamjibu kwamba tunajaribu kuviamulia vikutane vipi. "Vinakubali?" akauliza.

Sikumjibu vizuri. Nilisema mara nyingine vinakubali, naye akarudi kwenye ndizi zake akiwa hajaridhika, na alikuwa na haki. Swali hilohilo lilikula mwaka wangu mzima nilipokuwa na miaka ishirini na sita, katika chumba kimoja cha chuo chetu cha Tengeru. Sasa nina arobaini na tano, nafundisha, nina wanafunzi wanaoniona mtu mwenye majibu. Lakini kila ninapotaka kukumbuka nilianza lini hasa kufikiri, narudi kwenye chumba kile.

Kilikuwa stoo ya mbegu kabla hakijawa chetu. Watu wa kilimo walihamisha magunia yao wakaacha harufu, na mpaka mwisho kilinukia mahindi makavu na dawa ya fukusi. Dirisha moja lilitazama Mlima Meru, lakini mlima ulionekana asubuhi tu. Ikifika saa nne mawingu yalikuwa yameshaushukia mpaka kiunoni. Ndani kulikuwa na meza tatu, kompyuta mbili, betri kubwa za kuokoa kazi umeme ukikatika, na ubao mweusi ambao Dokta Ndewario hakuruhusu ufutwe na mtu mwingine. Hakukuwa na leza hata moja. Hili nalieleza mapema kwa sababu wengi wakisikia tulifanya utafiti wa ayoni na atomi baridi hudhani tulikuwa na mitambo. Mitambo ilikuwa Ujerumani. Dokta alisomea huko, akarudi nyumbani kwa hiari yake, na wenzake wa zamani wakakubaliana naye hivi: wao wafanye majaribio na kurekodi, sisi tusome walichorekodi na kufanya hesabu. Video zilikuja kwa mtandao wakati wa alfajiri, mtandao ukiwa haujaamkiwa na wengine, na Rukia ndiye aliyefika wa kwanza kuzipokea.

Siku yangu ya kwanza Dokta alinionyesha picha moja kwenye kioo cha kompyuta. Palikuwa na giza, na katikati ya giza doa moja la mwanga. "Unaona nini?" akauliza. Nikasema naona nyota. "Hapana. Hiyo ni atomi moja ya kalisi iliyonyang'anywa elektroni. Sasa ina chaji, kwa hiyo inaitwa ayoni, na kwa sababu ina chaji tunaweza kuishika kwa umeme katikati ya mtego, chombo kisicho na hewa, bila kuigusa na chochote. Inamulikwa na leza, nayo inarudisha mwanga. Ndiyo hiyo unayoiona. Moja." Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza ya fizikia na nilikuwa nimechora atomi mara mia, duara ndani ya duara, lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuitazama moja jinsi unavyotazama taa ya jirani. Nilisogeza kiti. Nadhani nilikaa pale muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kwa sababu nilipogeuka Dokta alikuwa ameshakwenda darasani na Rukia alikuwa ananitazama huku akila mandazi. "Hata mimi siku ya kwanza nilichelewa kwenda nyumbani," akasema.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, na naieleza kama Dokta alivyonieleza, kwa sababu sijapata maneno mazuri zaidi. Kemia tunayofundishwa shuleni ni ya halaiki. Unamimina, unatikisa, unasubiri rangi ibadilike, na mabilioni ya atomi yamekutana bila wewe kujua ipi iligonga ipi. Wajerumani walikuwa wanafanya kinyume. Walishika ayoni moja, au chache zilizojipanga mstari, kisha wakaisogezea wingu dogo la atomi za rubidi, metali nyingine, zilizopozwa kwa leza mpaka zikakaribia kusimama kabisa. Hakuna baridi ya namna ile kileleni kwa Meru wala mahali popote mtu alipowahi kukanyaga. Katika baridi ile, ayoni na atomi zikikutana, mara nyingi hupishana tu. Lakini mara mojamoja atomi ya rubidi huipa ayoni ya kalisi elektroni yake, na mambo yanageuka: kalisi haina chaji tena, inatoka mtegoni na kupotea, na rubidi ndiyo inayobaki imeshikwa. Rubidi haiwaki kwa leza ya kalisi. Kwa hiyo pale penye doa panakuwa giza. Doa likizimika, mmenyuko, yaani kule kugeuka, umetokea.

Kilichomsisimua Dokta ni kwamba ile ayoni ilionekana kuzimika upesi zaidi ilipokuwa inamulikwa, yaani ilipokuwa imechangamshwa na leza, kuliko ilipoachwa itulie gizani, ikimulikwa mara mojamoja tu kuona kama ipo. Maana yake, akasema, mkono wako uko kwenye swichi. Ukitaka ziungane, washa. Usipotaka, zima. "Watu wamepika kwa miaka elfu kwa kuongeza kuni," aliniambia, "na sisi tunataka kuiambia atomi moja: wewe ndiyo, wewe hapana." Wajibu wangu ulikuwa kuangalia video, mamia ya video, na kwa kila moja kuandika dakika na sekunde ambayo doa lilizimika. Likizimika unaandika, unakata video hapo, huiangalii tena, unafungua nyingine. Alilisema hilo la kukata mara mbili.

Rukia hakuwa msomi wa chuo kikuu na hakupenda mtu amwonee huruma kwa hilo. Alikuwa fundi wa vifaa vya umeme, mtoto wa mjini, wa ukoo ulioshuka kutoka Kondoa siku nyingi ukaishi Arusha mpaka ukasahau njia ya kurudi, na chochote chenye waya alikielewa kwa kukisikiliza. Alichoka kutazama mtego wa watu kwenye kioo, akaamua kutengeneza wake. Alikunja waya wa shaba ukawa pete kubwa kama bangili ya mtoto, akaiunganisha na transfoma aliyoitoa kwenye tangazo bovu la taa za duka, akaziba kila kitu kwa plastiki ngumu na kuandika HATARI kwa rangi nyekundu. Tulikosa cha kutega. Tulijaribu unga wa mahindi, ukaanguka. Tulijaribu vumbi la kahawa, likaruka ovyo likatupaka usoni. Basi Jumapili moja akaenda Ngaramtoni kwa shangazi yake, karibu na msitu wa misindano uliopandwa kule juu, na Jumatatu akaja na chupa ya dawa ya kikohozi iliyojaa chavua ya manjano, laini kama poda. Tukafunga pazia, Rukia akawasha umeme, nikadondosha chavua kwa ncha ya kalamu. Punje nne zilibaki. Zilikaa hewani katikati ya pete, hazijashikwa na kitu, zikitetemeka kidogo, na nilipopuliza kwa mbali zilisogea na kurudi mahali pake. Dokta aliingia akatukuta tumepiga magoti mbele ya meza. Alivua miwani, akapiga magoti na yeye.

Kuta za stoo ile zilikuwa za mbao za kubandika, na upande wa pili ilikuwa ofisi ya mkuu wa idara. Hatukutaka kusikiliza, lakini masikio hayana mlango. Mwezi wa tano nilimsikia mkuu akisema kwa upole, kwa kweli hakuwa mtu mbaya, "Ndewario, watu wa mbegu wanakitaka chumba chao. Nikiwaambia kina nini nawaambia kina video." Dokta akajibu kwamba kufikia mwisho wa mwaka makala itakuwa imetoka na jina la chuo litakuwa juu yake. "Sawa. Lakini mimi nitaulizwa, inamsaidia nini mkulima wa hapa Tengeru?" Kisha Dokta akasema, "Na mimi ni mkulima wa hapa Tengeru." Nilidhani mkuu angecheka. Hakucheka. Akasema, "Makala ikitoka mnabaki. Isipotoka, Januari mnatoka." Nilimtazama Rukia, akaweka kidole mdomoni. Dokta alipoingia sote tulikuwa tumeinamia kazi kama watoto waliovunja sahani, na yeye akaandika kwenye pembe ya ubao neno moja, *Novemba*, akalizungushia duara.

Kwa hiyo nilifanya bidii. Niliangalia video asubuhi mpaka macho yakawa yanaona madoa hata kwenye sahani ya chakula. Mchana tulikula kwa mama mmoja nje ya geti la chuo, makande siku nyingi, na Ijumaa Rukia alileta pilau ya kwao kwenye hotipoti, tukala watatu kwenye meza ya Dokta baada ya yeye Rukia kutoka kuswali. Kwenye pilau ile Dokta alikuwa mtu mwingine. Alisimulia jinsi alivyolia kwa baridi mwaka wake wa kwanza Ulaya, na jinsi alivyokuwa akiwaandikia nyumbani kwamba hali ya hewa ni nzuri. Alituuliza maswali yasiyo na faida: kwa nini chavua inatetemeka na haitulii? Kama ningeishusha pete kwenye maji ingekuwaje? Hakuwahi kumaliza swali kwa kusema "hiyo haimo kwenye mtihani." Mimi nilitoka kwenye shule ambako swali lilikuwa deni la mwanafunzi kwa mwalimu, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mzima akibeba swali lake mwenyewe kutwa nzima bila haya.

Jambo lenyewe lilitokea siku ya makande, mwezi wa nane. Nilifungua video moja, doa likazimika mapema, nikaandika sekunde yake, na kabla sijakata Rukia akaniita twende kula kwani chakula kilikuwa kinaisha. Niliondoka nikaiacha inaendelea. Tulikula, tukabishana kuhusu chumvi, tukarudi. Doa lilikuwa linawaka. Nilidhani nimefungua video nyingine. Niliangalia namba, ilikuwa ileile. Nikairudisha nyuma: linawaka, linazimika, giza, giza, giza kwa muda mrefu, halafu bila taarifa linawaka tena palepale, kama mtu aliyefumba macho akayafumbua. Ile ayoni haikuwa imegeuka rubidi. Haikuwa imegeuka chochote. Kalisi ilikuwa imebaki kalisi muda wote.

Kwanza nilifurahi, na nataka niseme hivyo wazi, kwa sababu baadaye nilijifanya kwamba niliogopa tangu mwanzo. Nilifurahi kwa sababu sikuelewa. Nilimwita Rukia, akaitazama mara tatu akiwa amesimama, kisha akavuta kiti. "Umeangalia ngapi?" akauliza. Nikasema hii tu. "Basi huna kitu. Angalia nyingine." Nilirudia video za zamani, zile nilizokwisha kuzikata kwenye orodha yangu, safari hii nikiziacha zikimbie mpaka mwisho. Ilinichukua wiki mbili. Nyingi zilibaki giza, kama tulivyotarajia. Lakini si moja wala mbili zilizorudi, na nilipopanga zilizorudi upande mmoja nikaona jambo moja: karibu zote zilikuwa kwenye kundi la ayoni zilizomulikwa. Kundi lilelile ambalo makala yote ilisimama juu yake. Ile tofauti kubwa kati ya kuwasha na kuzima, ambayo Dokta aliichora ubaoni na haikufutwa, sehemu yake haikuwa mmenyuko. Zilikuwa ayoni zilizopumzika.

"Mwambie," Rukia alisema. Nikamwambia kwamba Novemba iko karibu, na chumba je? Akawa anakunja waya, hakunitazama. "Nsia, mimi nikijua waya umekatika ndani ya ukuta siwezi kumwambia mwenye nyumba umeme upo. Lakini mimi ni fundi. Wewe ndiye unayetafuta cheti, na cheti kinatoka kwake." Hakunisukuma. Nilikaa na jambo hilo siku nne. Nililala nalo, nikaenda nalo kanisani, nikakaa kwenye benchi nikihesabu sekunde za giza wakati wengine wanaimba. Nilichogundua siku zile nne, na bado kinanishangaza, ni kwamba hofu haikuzima hamu. Nilikuwa naogopa kumwambia, na wakati huohuo nilikuwa nataka sana kujua ayoni ilikuwa wapi palipokuwa na giza.

Nilikwenda kwake Jumamosi asubuhi. Ulikuwa msimu wa kahawa, na nilimkuta nyuma ya nyumba akizungusha mashine ya kumenyea buni, maganda mekundu yanatoka upande huu na mbegu zenye utelezi upande ule. "Shikamoo, Dokta." "Marahaba. Umekuja kusaidia au umekuja kusema?" Nikasema nimekuja kusema. "Sema huku unamimina." Nikachukua ndoo nikawa namimina buni mdomoni mwa mashine, na kwa sababu mashine ilipiga kelele ilinibidi nipaze sauti kuliko nilivyopanga. "Dokta, ayoni zinarudi."

Mkono wake haukusimama. "Zipi?"

"Zilizozimika. Si zote. Za kundi la mwanga."

"Umeziona ngapi?"

Nikamtajia. Akaendelea kuzungusha. Tulimaliza ndoo ile, tukamaliza na gunia lililofuata. Mke wake, Mama Eli, alitoka kutuita tukanywe uji, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akarudi ndani. Gunia lilipokwisha Dokta alinawa mikono polepole, kidole kwa kidole, akasema, "Kuna hali ambayo kalisi inaweza kuangukia, humo haioni leza. Inakaa humo kwa muda, inatoka yenyewe. Ndiyo maana kuna leza ya pili, ya kuitoa humo haraka. Kama ile ya pili haikuwa sawa, basi ulichoona ndicho kilichotokea." Alisema kama anayefundisha darasa. Kisha akasema, "Nenda kanywe uji," na yeye hakuja. Kutoka mezani nilimwona kupitia dirishani, amekaa kwenye ukingo wa tanki la maji, mikono imening'inia katikati ya magoti.

Jumatatu alipiga simu Ujerumani nasi tukiwepo. Upande wa pili alikuwa Jonas, kijana aliyekuwa akiendesha mitambo, mwenye haraka ya kuongea. Dokta alimweleza kwa Kiingereza, bila kulaumu, akataja namba za video, akasema zimegunduliwa na Nsia hapa. Rukia akagusa kompyuta kuona kama mtandao umekatika. Kisha tukasikia Jonas akimwambia mtu mwingine kitu kwa Kijerumani, na sauti ya mzee ikajibu kwa ukali. Nikamuuliza Dokta wamesema nini. "Amesema alikuwa hajaipima leza ya pili tangu wahamishe meza," akasema. "Na yule mwingine amesema jambo ambalo sitalitafsiri." Makala haikupelekwa. Novemba ilifika ikapita, duara likiwa bado ubaoni, na Januari watu wa mbegu walirudi na magunia yao. Mkuu wa idara alisimama mlangoni wakati tunatoa meza, akasema anasikitika, na naamini alisikitika. Tulipewa pembe ya chumba cha vifaa vibovu alichokuwa akifanyia kazi Rukia, pasipokuwa na dirisha.

Ni humo, mwishoni mwa mwezi wa pili, ndimo tulimorudia jaribio zima. Wajerumani walitengeneza leza yao, na Dokta akawaomba jambo moja: kwamba siku ile uamuzi wa kuwasha na kuzima utoke kwetu, wao wasijue mapema tutasema nini, ili mtu yeyote asiingize tamaa yake kwenye hesabu. Wakakubali. Tulikaa watatu mbele ya kompyuta moja, mtandao ukisuasua, picha ikija kwa kurukaruka. Ayoni nne zilikuwa zimejipanga mstari, madoa manne. Dokta alinisogezea kibodi. "Amua."

Niliandika: *zima*. Walizima leza, wakasogeza wingu la rubidi likazizunguka zile ayoni gizani, wakasubiri muda tuliopatana, wakaliondoa, wakawasha leza waone kilichobaki. Madoa manne. Tukarudia. Manne. Tukarudia mpaka Rukia akasema zimekataa kuoana. Ndipo nikaandika: *washa*. Wingu likaingia zikiwa zinamulikwa, na nilikuwa natazama doa la tatu, sijui kwa nini la tatu, lilipozimika. Mengine matatu hayakusogea. Palikuwa na pengo katikati, na pengo lile lilikuwa limekaliwa, maana kama pangekuwa patupu mstari ungejibana. Tulisubiri lirudi. Jonas akaipiga kwa leza ya pili, ambayo sasa ilikuwa nzima. Giza. Kisha wakautikisa mtego taratibu kwa umeme, kasi baada ya kasi, kama unavyokung'uta kitu usichokiona ili ujue uzito wake, na ilipofika kasi ya rubidi mstari wote ukacheza. "Ni yenyewe," Jonas alisema. Ilikuwa imepewa ruhusa, ikabadilika. Rukia alinishika mkono chini ya meza, na nilipomtazama Dokta alikuwa anaandika saa na dakika kwenye daftari, mwandiko wake uleule mdogo, ila kalamu alikuwa ameikamata kwa nguvu mno.

Tofauti ilikuwepo kweli, ndogo kuliko ile ya ubaoni, lakini ilikuwepo. Makala ilitoka mwaka uliofuata, katika jarida la kawaida, baada ya kundi jingine la ng'ambo kuwa limeshatangaza jambo linalofanana nalo. Chumba hatukurudishiwa. Ushirikiano ulififia bila ugomvi, kama inavyokuwa, na Dokta Ndewario akarudi kufundisha mwaka wa kwanza nguvu na mwendo mpaka alipostaafu. Mimi nilipata cheti changu, nikaenda kusoma zaidi, nikarudi. Kwa miaka mingi nilibeba jambo moja ambalo sikumwambia mtu: kwamba pengine mimi ndiye niliyemnyang'anya jambo kubwa la maisha yake, na kwamba laiti ningeikata ile video kabla ya kwenda kula, asingejua mtu.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kumsalimia. Alikuwa amekonda, anatembea kwa kushika kuta, lakini akili ilikuwa kali. Tulikaa barazani, Mama Eli akatuletea loshoro, ule mlo wa mahindi na maziwa ya mgando, kwenye mabakuli ya bati. Nikamuuliza. Nilimuuliza moja kwa moja, kwa sababu yeye ndiye aliyenizoesha kuuliza: "Dokta, uliwahi kutamani nisingekuambia?"

Alikula vijiko viwili vitatu kabla ya kujibu. "Niliiona kabla yako," akasema. "Mwezi wa pili, hujafika. Video moja, ilizimika ikarudi. Nikajiambia hiyo ni mbovu, nikaiweka pembeni. Sikufungua nyingine kutazama mwisho wake."

Nikamkumbusha kwamba aliniambia nikate kila doa linapozimika, na kwamba alilisema mara mbili.

"Nililisema. Lakini Rukia aliponiuliza akupe video zikiwa zimekatwa doa linapozimika au nzima, nilimwambia akupe nzima."

"Kwa nini?"

Sijui, mpaka leo, kama alichonijibu ndicho kilichokuwa moyoni mwake mwaka ule, au ni kitu alichokuja kukipata baadaye akiwa peke yake na miaka yake. Nimejaribu kukiamini na nimejaribu kukitilia shaka, na vyote viwili nimeviweza.

"Kwa sababu mimi nilikuwa nahitaji zizimike," akasema. "Nikatafuta mtu asiyehitaji."